Blenda Haijafa, Brashi Ndizo Zilizokwisha

Kuna hukumu moja inayotolewa haraka mno majumbani na kwenye vibanda vya juisi: "Hiyo mota imeungua." Blenda ilianza kwa kukosa nguvu, ikawa haizunguki mpaka uigonge ubavuni, ikatoa cheche na harufu kali, mwishowe ikanyamaza kabisa. Mwenye nayo huipandisha juu ya kabati akingoja siku ya kuitupa, au humuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya shaba iliyomo, kisha huingia dukani kutafuta nyingine. Mara nyingi mota ile ilikuwa nzima. Kilichokwisha ni vipande viwili vya kaboni, kila kimoja kidogo kuliko pingili ya kidole, ambavyo viliwekwa humo makusudi ili vilike.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza ingawa kuitekeleza kuna kazi. Chombo cha umeme chenye sehemu iliyokusudiwa kulika, kisha sehemu hiyo ikafichwa mahali ambapo mwenye chombo wala fundi wake hawezi kuifikia, hakijauzwa kwa haki. Mamlaka zetu za viwango hapa Afrika Mashariki, zinazoitaka blenda hiyo ikaguliwe kabla haijapakiwa melini, zina wajibu wa kuongeza swali moja kwenye fomu: brashi zake hubadilishwaje?

Ili kuona uzito wa swali hilo, lazima tuingie ndani ya mota. Feni ya dari na pampu ya maji ya nyumbani kwa kawaida hazina brashi, ndiyo maana feni iliyofungwa na babu bado inazunguka. Lakini mota ya aina hiyo ina mpaka wake. Umeme wetu wa gridi hupiga mara 50 kwa sekunde, na mota ya feni ikiunganishwa moja kwa moja na umeme huo haiwezi kuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika, hata iundwe kwa ustadi gani. Kisu cha blenda kinataka zaidi ya 10,000, na ziko blenda ambazo zikizungushwa tupu huvuka 20,000. Ili kufika huko watengenezaji hutumia mota ya jamii nyingine, inayokubali mkondo geu na mkondo mnyoofu vilevile, nyepesi, ndogo, yenye nguvu kubwa kwa umbo lake. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye drili, grenda, mashine ya kufyonza vumbi na cherehani nyingi za umeme.

Gharama ya kasi hiyo ni kwamba umeme lazima uingie pia katika sehemu inayozunguka, ile ambayo mafundi wetu huiita amecha. Huwezi kuunganisha waya na kitu kinachozunguka namna hiyo. Ungejisokota na kukatika papo hapo. Kwa hiyo ncha ya amecha huvikwa komuteta, yaani pete iliyoundwa kwa vipande vya shaba vilivyotenganishwa kimoja na kingine, na brashi mbili za kaboni husukumwa na springi ziiguse pete hiyo kutoka pande mbili. Umeme huingia kwa brashi moja, ukapita kwenye amecha, ukatokea kwa ya pili. Mota inazunguka, kaboni inasugua shaba, na kwa kila mzunguko punje ndogo za kaboni hubaki njiani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini isitumike kitu kigumu kisicholika. Mashine za mwanzo za umeme zilitumia brashi za shaba, na matokeo yake yalikuwa kwamba shaba ilikula shaba na cheche zikamalizia kilichobaki. Mwaka 1885 mhandisi Mskoti George Forbes alipata hataza ya kutumia kaboni mahali pa shaba. Miaka michache baadaye Charles Van Depoele, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, akaziingiza kaboni hizo kwenye mota za tramu. Kaboni ni laini, inapitisha umeme, inapaka utando mwembamba unaolainisha mguso, na haiyeyuki kwa cheche. Tena inakwisha kabla ya shaba, na hilo ndilo linalotakiwa. Ni mantiki ileile ya viatu vya breki vya bodaboda: vinalika ili chuma cha gurudumu kinachosuguliwa kipone, na hajawahi kuonekana dereva anayeitupa pikipiki kwa kuwa breki zimekwisha. Kwenye blenda tunafanya jambo hilo kila siku na hakuna anayeshangaa.

Brashi mpya ya blenda ya nyumbani huwa na urefu wa sentimita moja na nusu hivi. Kadiri inavyolika, springi huisogeza mbele. Inapobaki milimita tano au chini ya hapo, springi imeshajinyoosha na haina tena nguvu ya kubana. Mguso unalegea, umeme unaruka badala ya kupita, na hapo ndipo cheche, harufu na unyonge vinapoanza. Ukiigonga blenda, brashi hutikisika na kugusa tena, mashine ikaamka kwa dakika mbili. Dalili hiyo ya kuamka kwa kugongwa ni miongoni mwa dalili za wazi kwamba mota yenyewe bado ina uhai.

Hatari ni kuendelea kuigonga. Brashi ikiisha kabisa, springi ya chuma au waya uliofumwa ulioibeba hugusa komuteta na kuikwaruza. Cheche hula kingo za vipande vya shaba, na joto huchoma varnishi inayozitenga waya za amecha. Sehemu ya bei ndogo kuliko zote humo ndani huiua ile ya bei kubwa kuliko zote. Watengenezaji wa zana za mafundi walishaliona jambo hili: baadhi ya brashi za grenda zina pini ndogo iliyofichwa ndani ya kaboni, na brashi ikifikia kikomo pini hiyo husukumwa mbele na kuitenga na shaba. Mashine huzima ghafla kabla haijajidhuru. Fundi anafungua vifuniko viwili vya pembeni kwa bisibisi, anaweka jozi mpya, anarudi kazini.

Sasa tupige hesabu ya matumizi. Familia inayosaga juisi na nyanya za mchuzi kwa dakika mbili kwa siku huiendesha blenda saa 12 kwa mwaka. Kwa mwendo huo brashi zinaweza kudumu miaka mingi, na mwenye nyumba asijue kamwe kwamba zilikuwemo. Muuza juisi wa jirani na kituo cha daladala, ambaye blenda yake husaga jumla ya saa mbili kwa siku, siku 300 kwa mwaka, anafikisha saa 600. Kwa kulinganisha, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 kuhusu mashine za kufyonza vumbi ilitaka kwamba kuanzia Septemba 2017 mota zake zidumu angalau saa 500. Saa ambazo mota ya Ulaya inatakiwa kuzimaliza kwa miaka mingi ya kusafisha zulia, dada wa juisi huzimaliza kabla mwaka haujageuka.

Wala si saa peke yake. Igeuze blenda yako usome kibandiko cha chini. Nyingi zina herufi KB zikifuatwa na dakika moja, mbili au tatu. Maana yake ni muda wa kuiendesha mfululizo kabla ya kuipumzisha ipoe. Ni nani kwenye kibanda cha juisi, wateja watano wakiwa wamesimama na jua la saa saba likichoma, atakayeipumzisha mashine kila baada ya dakika moja? Tena si juisi tu inayosagwa. Pwani blenda imechukua sehemu kubwa ya kazi ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa vipande vya nazi humiminwa kwenye jagi pamoja na maji ya vuguvugu ili kupata tui. Ramadhani zinasagwa tende, tangawizi, viungo na karanga. Kwenye joto inasagwa barafu. Mzigo mzito hupunguza kasi ya mota, kasi ikipungua mota huvuta umeme mwingi zaidi, na umeme mwingi ukipita kwenye kaboni ileile ndogo huileta siku ya mwisho karibu.

Kwa hiyo biashara nyingi za mtaani zimesimama juu ya mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kifungua kinywa cha familia ya watu wanne. Silaumu. Blenda za biashara zipo, lakini bei yake ni mtaji wa kibanda kizima. Ninachosema ni kwamba mtu anayeitumia mashine kwa namna hii ndiye anayehitaji brashi zinazobadilika kuliko yeyote, na ndiye anayeuziwa zisizobadilika.

Kazi yenyewe si ya kutisha, na ni vizuri mteja aijue hata kama hataigusa, ili asidanganywe. Kwanza plagi huchomolewa na jagi lenye kisu huwekwa kando. Mashine hupinduliwa, skrubu hutafutwa chini ya miguu ya mpira na wakati mwingine chini ya kibandiko. Fundi makini hupiga picha ya nyaya kwa simu kabla hajatenganisha kitu. Koplingi ya juu, ile yenye meno inayoshikana na kisu, katika blenda nyingi ina uzi wa kinyume, hivyo hufunguliwa kwa kuizungushia upande tuliozoea kufungia. Wasiolijua hilo huivunja, kisha wakatangaza kwamba blenda hiyo haifunguki.

Brashi zikishatoka, zinasomwa. Uso wake unatakiwa uwe laini, wenye mng'ao na mbonyeo unaofuata duara ya shaba. Kingo zilizomeguka zina maana kwamba kuna kitu kinairusha brashi. Wakati mwingine brashi bado ni ndefu lakini imenasa katika nyumba yake, kwa sababu juisi iliyovuja ilichanganyika na vumbi la kaboni ikawa gundi. Hapo dawa ni kusafisha kwa spiriti, hakuna spea ya kununua. Komuteta nayo inaangaliwa. Rangi ya kahawia iliyosambaa sawasawa ni afya, ni ule utando uliopakwa na kaboni, na fundi anayeing'arisha mpaka shaba iwake anaondoa kinga iliyochukua muda mrefu kujengeka. Ikiwa nyeusi na yenye madoa ya kuungua, inapitishwa msasa laini wa karatasi huku amecha ikizungushwa kwa mkono. Ule msasa mweusi wa kusugulia chuma hautakiwi, maana punje zake zinaweza kupitisha umeme, zikikwama kati ya vipande vya shaba zinaziunganisha sehemu zisizotakiwa kuungana. Mifereji kati ya vipande husafishwa kwa kijiti cha meno, na vumbi jeusi hupulizwa litoke, kwani nalo ni kaboni na linapitisha umeme.

Kisha fundi anajiuliza swali linalotenganisha ukarabati na kubahatisha: kwa nini zimekwisha? Kama mpira wa chini ya jagi unavuja, maji ya chumvi na sukari yanashuka kwenye beringi au bushi. Beringi ikilegea, shafti inatikisika na brashi inarukaruka. Kuweka kaboni mpya juu ya bushi mbovu ni kumuuzia mteja mwezi mmoja. Mita nayo inapitishwa kwenye komuteta kipande kwa kipande. Vipimo vikifanana, amecha ni nzima. Vikitofautiana sana, na mashine ilipokuwa ikizunguka ilionekana duara zima la moto badala ya cheche ndogo za buluu, basi hapo neno "imeungua" lina haki ya kutamkwa.

Brashi hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, hata kama moja imelika kuliko nyingine. Zikishafungwa, blenda huzungushwa tupu kwa mwendo wa chini kwa vipindi vifupi ili kaboni ijichonge kufuata mbonyeo wa shaba. Kuiwekea barafu dakika ileile ya kwanza ni kuichoma kabla haijakaa sawa.

Ugumu unaanza kwenye spea. Ingia maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, utapata majagi ya blenda, visu, koplingi za mpira na mifuniko, vimepangwa mpaka darini. Ulizia brashi za blenda ileile, utaletewa brashi za grenda. Fundi mzuri hununua zilizo kubwa kidogo, akazisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka zinateleza sawasawa katika nyumba yake. Hiyo ni kazi halali, maana grenda na blenda ni mota za jamii moja zinazotumia umeme uleule.

Lakini ziko njia za mkato zinazoharibu. Wapo wanaochonga brashi za stata ya gari. Hizo zimechanganywa na unga wa shaba kwa sababu stata hufanya kazi kwa volti 12. Zikiwekwa kwenye mota ya volti 230, ukinzani wake mdogo huleta cheche kubwa zinazoila komuteta. Wapo wanaovunja betri kubwa za tochi na kuchonga kijiti cheusi cha katikati. Kijiti hicho ni kaboni kweli, lakini si daraja la kaboni lililotengenezwa kwa ajili ya kusugua shaba kwa kasi hiyo. Mashine itawaka, mteja atalipa na kushukuru, na baada ya muda mfupi atarudi na amecha iliyochimbika. Ndipo jirani zake wote wanaposema kwamba blenda haitengenezeki. Sifa mbaya ya ukarabati huzaliwa hivi: spea sahihi ilikosekana, fundi akabuni, ubunifu ukashindwa, na lawama ikaenda kwa wazo zima la kutengeneza.

Wenye viwanda wengi hawasaidii. Ziko blenda ambazo nyumba za brashi zimefungwa kwa kibanio kinachotoka kwa ncha ya bisibisi, na waliozitengeneza nawapongeza. Lakini ziko nyingi ambazo brashi zimekandamizwa ndani ya plastiki isiyorudi ikishafunguliwa, au skrubu zake zina ncha za ajabu zisizo na bisibisi mtaani, au mwili mzima umegandishwa usifunguke. Blenda ndogo za kuchaji, zinazouzwa sana siku hizi kwa vijana, mara nyingi huwa na mota ndogo iliyofungwa ndani ya kopo la chuma, brashi zikiwa humo humo. Hiyo ikiisha imeisha.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni usalama: blenda hukaa karibu na maji, na mwili uliofungwa humlinda mtumiaji asiguse umeme. Usalama ni hoja ya kweli, ila haithibitishi kinachodaiwa. Grenda na drili hushikwa kwa mikono miwili siku nzima na mtu anayetokwa na jasho, na nyingi zina vifuniko vya brashi nje kabisa, na hufaulu majaribio ya usalama duniani kote. Kifuniko cha plastiki chenye uzi, kinachohitaji bisibisi kufunguka, kinamzuia mtoto na kumruhusu fundi. Kilichofanyika kwenye grenda kinawezekana kwenye blenda.

La pili ni bei, na hili lina uzito zaidi. Blenda ya bei nafuu imeziwezesha nyumba nyingi kuwa na chombo ambacho zamani kilikuwa cha hoteli, na kila skrubu inayoongezwa ina gharama yake. Nakubali pia kwamba kwa familia ya saa 12 kwa mwaka, blenda iliyofungwa inaweza kutosha: jagi litapasuka au mpira utachakaa kabla ya brashi. Ndiyo maana sidai blenda za namna hiyo zipigwe marufuku. Nadai mnunuzi aambiwe anachonunua, ili yule wa dakika mbili na yule wa saa mbili wasiuziwe boksi lilelile kwa ahadi ileile.

La tatu ni kwamba brashi zenyewe zinapitwa na wakati, kwa kuwa mota zisizo na brashi zinaingia. Ni kweli zinaingia, zikiwa na bodi ya elektroniki inayofanya kazi ambayo komuteta ilikuwa ikiifanya. Lakini bodi ikiungua kwa umeme uliopanda na kushuka, swali ni lilelile kwa jina jingine: sehemu hiyo inapatikana, na inafikika? Tusipojifunza kuuliza kwenye kaboni ya bei ndogo, hatutajua kuuliza kwenye bodi ya bei kubwa.

Wenzetu wameanza. Ufaransa tangu Januari 2021 inawalazimu wauzaji wa baadhi ya vyombo kuweka alama ya kutengenezeka, kuanzia sifuri hadi kumi, karibu na bei. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 agizo la kukuza ukarabati, ambalo nchi wanachama zinatakiwa kulitekeleza kuanzia tarehe 31 Julai 2026. Linagusa mashine za kufulia, friji, simu, mashine za kufyonza vumbi na vingine kadhaa. Blenda haimo kwenye orodha. Kwa hiyo hapa hatuna haja ya kunakili. Ni mahali ambapo Afrika Mashariki inaweza kutangulia, kwa sababu chombo hiki kwetu ni mtaji wa mtu.

Nyenzo tunazo. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilianza utaratibu wa kukagua bidhaa huko zinakotoka mwaka 2005, na TBS ya Tanzania ikafuata mwaka 2012. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya pamoja ya viwango tangu 2006. Kiwango cha kimataifa kinachohusu mashine za jikoni, IEC 60335-2-14, ni cha usalama: kinahakikisha blenda haikupigi shoti wala kukukata. Ni kazi muhimu, lakini blenda inaweza kuwa salama kabisa na bado ikawa taka baada ya miezi minane. Taka hizo zina pa kwenda, nako ni kwetu. Ripoti ya dunia ya taka za elektroniki ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62, na vyombo vidogo, kundi ambalo blenda imo, vilikuwa karibu tani milioni 20. Katika vyombo vidogo hivyo ni asilimia 12 tu ndivyo vilivyorekodiwa kuwa vimekusanywa na kurejelezwa.

Ninachopendekeza hakihitaji maabara mpya. Kwanza, vipimo vitatu vya brashi, yaani unene, upana na urefu kwa milimita, vichapishwe kwenye kibandiko cha chini palipo na volti na wati. Gharama yake ni wino. Lakini kwa wino huo mfanyabiashara wa spea ataagiza ukubwa sahihi, fundi hatachonga betri ya tochi, na mteja ataweza kumtuma mtoto dukani akiwa na namba mkononi. Pili, boksi liseme wazi kama brashi hubadilika kwa bisibisi ya kawaida bila kuvunja kitu, au hazibadiliki. Ndiyo au hapana. Tatu, blenda yoyote inayotangazwa kuwa ya biashara au ya kazi nzito isiruhusiwe kuingia kama jibu lake ni hapana.

Mafundi nao wana deni. Penye fundi mwaminifu wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa jua kali Nairobi, pana mwingine anayemwambia mteja, "Dada, hii mota imekwenda, niachie hapa nikufanyie mpango wa nyingine," kisha jioni anaweka brashi na kuiuza. Dawa yake ni mteja anayejua kusema, "Fundi, nionyeshe brashi." Vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha umeme wa majumbani na wa viwandani. Mota hii ndogo ya jikoni, iliyomo katika nyumba nyingi kuliko mota ya kiwanda, inastahili somo lake na cheti chake kifupi, ili kijana wa mtaani aliyejifunza kwa kuangalia aweze kuthibitisha anachokijua. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini walisema hivyo wakijua kwamba mhunzi angeweza kulifua koleo jingine. Fundi wetu wa leo anaweza kuwa na mikono na akili, na bado akazuiwa na plastiki isiyofunguka.

Sheria zitachelewa, kama kawaida yake. Mnunuzi anaweza kuanza Jumamosi hii. Ukiingia dukani, muulize muuzaji mambo mawili kabla hujauliza bei: brashi za blenda hii zinafikika vipi, na jozi yake naipata wapi? Akikosa jibu usigombane naye. Hakupewa jibu na aliyemuuzia. Mshukuru, nenda duka la pili, uulize tena kwa sauti ileile. Waagizaji wa makontena hawasomi sana makala za magazeti, ila wanasikiliza kila siku taarifa za maduka kuhusu wateja walioondoka bila kununua, na kwa nini. Wateja wa kutosha wakiondoka kwa sababu ya vipande viwili vya kaboni, oda ya kontena linalofuata itabadilika kabla ya kikao chochote cha viwango kuitishwa.